Mgonjwa Aliyesemewa

Mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwatia moyo, ninyi mnaoanza kazi ya kuuguza wagonjwa wa akili. Mmekosea mlango. Mimi Donata nimestaafu nikiwa na magoti mabovu na hasira ambayo yenyewe haikustaafu, na nikikaa peke yangu siwafikirii wale waliopona. Wale walipona, wana shughuli zao, na wengine wakiniona njiani wanavuka upande wa pili nisije nikawasalimia mbele ya wakwe. Nawafikiria waliokuja mapema na bado wakatuponyoka. Nitawaandikia hizo habari. Anayetaka za kutia moyo aende kwaya.

Mtanisamehe pia Kiswahili changu. Nilizaliwa Karagwe, ukimbizini, na tuliporudi huku Gisenyi, Rwanda, nilikuta wenzangu wengi wamelelewa Goma na Masisi, upande wa Kongo. Kwao mtu ni mutu na kila kitu iko. Wakanicheka kwamba nasema kama redio. Siku yangu ya kwanza wodini nilimwuliza mgonjwa kwa adabu zote kama ameamkaje, akamgeukia mama yake akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba leo wameletewa mwalimu, si muganga. Huku hata muuguzi huitwa muganga, mtazoea.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Muganga Tharcisse, muuguzi mzee aliyekulia ng'ambo ya mpaka, mfupi, mpole, mwenye koti jeupe lililokosa vifungo. Alinifundisha ambayo shuleni hayapo. Usisimame kati ya mgonjwa na mlango, kwa sababu akiona umemzibia njia ataogopa, na anayeogopa ndiye anayepiga. Kaa ubavuni mwake, usikae mbele yake kama mpelelezi. Usicheke anachokiamini, wala usijifanye unakiamini. Na kabla hujampa kidonge mwulize amekula nini, maana dawa zetu zinafungua njaa vibaya, na nyumba isiyo na chakula itazitupa jalalani hata ukihubiri mpaka koo likauke. Tharcisse alikuwa akitembea na viazi vya kuchemsha katika mfuko wa koti. Wengine walidhani ni uchoyo.

Msidhani tulikuwa tunalia tu. Tulikuwa na mgonjwa mmoja aliyesema yeye ndiye mkubwa wa wilaya, na kila asubuhi alitupangia kazi. Siku moja alimwambia mwenzetu mmoja kwamba amekwisha kumhamisha. Tukacheka sana. Haikupita wiki, uhamisho wa yule mwenzetu ukaja kweli, tena wa mbali. Tangu hapo wafanyakazi wa idara nyingine walikuwa wakipita wodini kwetu, kimyakimya, kumwuliza bwana mkubwa kama na wao wamo.

Lakini Tharcisse alinifundisha jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alisema hivi: "Bon. Mugonjwa wa kichwa hajuake mambo yake. Uliza murwaza."

Ninyi wa hapa mnamjua murwaza, lakini huenda haya yakasomwa na mtu wa mbali. Murwaza ni yule anayemleta mgonjwa hospitalini na kukaa naye. Ukutani wameandika kwa Kifaransa, garde-malade, ila sijasikia mtu akilitamka. Hospitali ina vitanda na dawa. Haina mtu wa kupika, wa kufua, wa kumshika mgonjwa mkono mpaka chooni. Hiyo ni kazi ya murwaza. Anakuja na sufuria, mkeka na kitenge cha kujifunika, anapika kule nyuma pamoja na barwaza wengine, na analala sakafuni karibu na kitanda cha mtu wake. Kwa mgonjwa wa akili haikuwa hiari. Asiye na murwaza hakupewa kitanda. Aliambiwa arudi akatafute ndugu kwanza, basi nenda ukamwambie mtu ambaye ukuta unamtukana aende kutafuta ndugu.

Sasa fikirini ni nani asiyekuwa na murwaza katika mji huu. Mtoto anayelala nyuma ya soko. Msichana anayevusha nyanya za watu kila siku pale mpakani. Kijana aliyekuja kutoka upande wa Kongo bila karatasi. Mtumishi wa ndani ambaye kwao ni milimani, na kwenye nyumba ya watu hana hata jina kamili. Hao tuliwaona wakiwa wameshachelewa, wamefungwa kamba, wameletwa na askari. Nasi tulikuwa tukitikisa vichwa na kusema, maskini, wangemleta mapema. Ni sisi hawa hawa tuliowafukuza mlangoni walipokuja wenyewe.

Na mapema ndiyo dawa yenyewe, msiruhusu mtu awadanganye. Saikosisi, ule ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo, ikimwanza kijana ni kama sufuria ya maharagwe iliyoanza kushika chini. Ukiepua sasa hivi, watu watakula na hakuna atakayejua. Ukichelewa, utakwangua, utaongeza maji, utaongeza chumvi, na ile harufu ya kuungua itabaki mpaka kijiko cha mwisho. Hilo nililiamini na bado naliamini. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba mtu anaweza kuletwa mapema kabisa na bado ikawa bure.

Msichana ninayetaka kuwaambia habari zake anaitwa Vestine. Kwao ni Kanzenze. Mama yake alikufa, baba akaoa tena, na Vestine akaletwa mjini kufanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa mtaa wa Mbugangari aliyeitwa Mama Bruno. Huyu Mama Bruno alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Kila asubuhi alivuka mpaka kwenda Goma na jioni akarudi, ana watoto wadogo, mume yuko mbali, na kanisani ndiye aliyekuwa akiongoza akina mama. Sitaki mmwone kama jini. Nimemjua miaka mingi, na kama ningefiwa angekuwa wa kwanza kufika na sufuria.

Vestine alikuwa hajafikisha miaka ishirini. Ilianza kwa kusikia jina lake likiitwa kutoka kwenye tangi la maji. Aliacha chungu motoni akaenda getini kufungua, hakuna mtu. Baadaye sauti ikaanza kumwambia kwamba maji ya nyumba ile yana kitu, asiwape watoto. Akaacha kupika. Watoto wakarudi kutoka shule wakakuta jiko la baridi na yeye amesimama uani amejishika masikio. Nyumba ya mtu anayevuka mpaka kila siku haiwezi kukaa hivyo hata kidogo, kwa hiyo Mama Bruno alimbeba akamleta mara moja. Kwa upande wa mapema, sijapata kumwona mgonjwa aliyeletwa mapema kama yule.

Mapokezi wakauliza murwaza ni nani. Mama Bruno alikuwa anajua kanuni, akasema bila kupepesa macho, "Ni mimi. Ni mutoto wa dada yangu."

Tukafurahi. Ninyi mtajua furaha hiyo, mgonjwa amewahi, ana mama mdogo, mama mdogo amevaa vizuri na anajua kusema. Mama Bruno hakulala sakafuni, hilo ni kweli. Alimlipa mama mwingine wa wodini amwangalie Vestine, na yeye alikuja jioni akitoka mpakani. Lakini alikuja. Ukilinganisha na tuliozoea, ilikuwa neema.

Wakati huo huo, chumba cha pili upande wa wanaume, tulikuwa na kijana anaitwa Fabrice. Umri wake na wa Vestine ulikuwa mmoja, na vidonge vyao vilitoka kwenye kopo moja. Yeye alikuwa amechelewa zaidi, kwa sababu mama yake alianza kwa maombi, akaenda kwa mganga wa miti shamba, akarudi kwenye maombi, na ndipo akatukumbuka. Ila mama huyo alipofika hakutoka tena. Alikuwa mtumishi wa serikali, akaomba likizo. Alilala kwenye mkeka na cheo chake chote. Kaka yake Fabrice alikuja na gari akampeleka hospitali kubwa ya Kigali akaonwa na daktari bingwa, akamrudisha, akamweka dukani kwake akae tu, auze akijisikia, alale akichoka. Kidonge kilimlaza mpaka saa nne asubuhi na hakuna aliyemgusa. Leo Fabrice ana mke, anafanya kazi kwenye hoteli moja kando ya ziwa, na ni mmoja wa wachache wasionikwepa. Sina neno baya juu yake. Nilimfurahia na bado namfurahia.

Vestine naye alitulia. Wiki chache tu, akaanza kusuka nywele za wagonjwa wengine, akacheka. Siku ya kumruhusu tuliketi watatu, mimi, Mama Bruno, na Vestine kwenye kistuli. Nikamweleza Mama Bruno yote kama Tharcisse alivyonifunza. Kidonge kizima jioni baada ya kula. Atalala sana mwanzoni, msimwamshe. Asifanye kazi ngumu kwanza. Akianza tena kusikia sauti mleteni upesi. Mama Bruno aliitikia kila neno na akanirudishia bila kukosea. Vestine alikuwa anatazama sakafu. Hakuna aliyemwuliza kitu, na ukweli ni kwamba hata haikunipitia akilini kwamba kuna la kumwuliza.

Baada ya hapo Mama Bruno alikuwa anakuja mwenyewe kuchukua dawa, akitoka Goma, mfuko wa plastiki mkononi. Tulimwuliza Vestine anaendeleaje. "Iko muzuri, Muganga, iko na kazi." Tukasema Mungu mkubwa, mgonjwa yuko kazini. Mnajua jinsi tunavyopenda neno hilo. Mgonjwa aliyerudi kazini ndiye tunayemtaja kwenye semina.

Kisha Mama Bruno akaacha kuja. Tulikuwa na wagonjwa wengi, ukapita msimu wa mvua, na jina la Vestine likazama.

Aliyeliinua ni mshonaji mmoja, Mama Zainabu, mama wa Kiislamu mwenye cherehani yake kwenye kibaraza kinachotazama geti la Mama Bruno. Huyu mama ana maumivu ya magoti kama mimi, na akipata nafasi huenda Nyamyumba kwenye chemchemi ya maji ya moto, aitie miguu humo, azungumze na wenziwe, arudi. Siku hiyo alikuta watoto wanamrushia mtu vijiwe. Akawafokea, akamtazama yule mtu vizuri, akamtambua. Ni yule binti aliyekuwa akimletea sare za watoto azipunguze. Hana viatu, nywele zimefungana, anaongea na mvuke.

Mama Zainabu hakujua lolote juu ya saikosisi. Alichojua ni kwamba huyu ni mtu ambaye ameshawahi kumshika mkono. Akajifungua mtandio wake wa juu akamfunika. Wenye pikipiki walikataa kumbeba, kila mmoja akasema atamwangusha. Mwishowe mwenye pikapu ya sambaza akakubali, kwa masharti wakae nyuma na samaki. Walifika kwetu wananuka samaki wote wawili, na Mama Zainabu akasema kwa sauti kwamba wallahi hajawahi kukaa foleni bila watu kumbana, leo wote wamempisha.

Muuguzi wa zamu, mtu mzuri tu, akauliza murwaza yuko wapi. Mama Zainabu akasema ni yeye. Akaulizwa huyu ni nani wake.

"Ni mutu," akasema. "Na mi pia ni mutu. Munataka nini ingine?"

Tulitaka vingine vingi, kwa kweli, lakini siku hiyo Tharcisse alikuwa bado yupo, amebakiza kidogo astaafu, na akamwambia yule muuguzi ampe kitanda. Mama Zainabu akatandika mkeka. Alikaa pale akishona pindo kwa mkono, kazi za watu zikimngoja, mchana anamwachia mwanawe Zainabu zamu, jioni anarudi. Msidhani ilikuwa rahisi. Wateja walimkimbia. Majirani walimwambia amejipalia makaa, kamleta mwenda wazimu mtaani wakati hata dini si moja. Alinuna, akaendelea.

Tulimtafuta baba. Mhudumu wa afya wa kijijini alipanda mpaka kwake kule Kanzenze. Yule mzee hakumfukuza, alimkaribisha kiti. Akamwambia kwamba yeye aliwapa binti akiwa mzima, basi wamrudishe akiwa mzima. Akaendelea kupalilia viazi vyake. Nilipoletewa maneno hayo nilikasirika, kisha nikakosa pa kuiweka hasira, maana hakusema uongo.

Mara hii dawa haikufanya ile kazi ya kwanza. Tulipandisha, tukabadilisha, tukachoma sindano ya kila mwezi. Mikono ikaanza kumtetemeka, miguu ikawa mizito, uso ukapoa. Yule msichana aliyekuwa akisuka watu nywele hakurudi tena. Alitulia, naam. Alikula, alioga akiambiwa, alijibu ndiyo na hapana. Tharcisse alimtazama siku moja kutoka mlangoni akasema kwamba huyu tulikuwa naye mikononi, donc, tulikuwa naye kabisa. Kisha akaenda kugawa viazi.

Nilikuwa nataka kujua nini kilitokea, na Mama Bruno sikumtafuta, nilikutana naye sokoni akinunua isombe, yaani kisamvu. Hakunikimbia. Akaniuliza hali ya Vestine, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. Nikamwuliza kama alikuwa akimpa dawa kila jioni.

"Nilimupatiaka," akasema. "Lakini nusu. Kidonge muzima ilimulazaka mpaka jua iko juu. Mi natoka hapa asubuhi sana, Muganga. Nani atapikia batoto chai? Nusu haiko dawa?"

Alikuwa akikikata kwa kisu cha jikoni, juu ya kibao cha kukatia vitunguu. Hakuficha, kwa sababu hakuona pa kuficha. Nusu ile ilimfanya binti ashike fagio asubuhi, na nusu ile ile haikuzuia sauti kurudi. Ziliporudi, Vestine hakusema, na hata angesema angemwambia nani? Aliyekuwa anatuletea habari zake ndiye aliyekuwa anahitaji afagie. Siku alipomwaga maji yote ya tangi ili watoto wasinywe sumu, Mama Bruno alimpandisha basi arudi kwao, akampa na nguo mpya. Binti alishuka njiani, hakuna anayejua wapi. Nilisimama pale sokoni nikitaka kumtukana Mama Bruno, na tusi halikuja. Ni sisi tuliompa dawa mkononi na maelezo mdomoni, tukaridhika na kila alichosema, kwa sababu alikuwa murwaza mzuri.

Kazi imebadilika tangu enzi hizo, sikatai. Nilipoanza, Tharcisse alikuwa na wembe maalumu wa kukatia kamba za waliofungwa, na ulikuwa hauna muda wa kupata kutu. Siku hizi vidonge viko hadi vituo vya afya vya Kanama na Nyamyumba, mtu hapandi gari kuvifuata. Wahudumu wa vijiji wanajua kutambua kijana aliyeanza kujitenga. Asiye na murwaza hafukuzwi tena kirahisi, angalau mkubwa akiwa karibu. Mmesoma kuliko sisi, mna simu zenye kila kitu, na mnasema na wagonjwa kwa upole ambao sisi hatukuwa nao. Nawapongeza, na hilo mlichukue, maana pongezi zangu ni chache.

Vestine amekaa kwa Mama Zainabu mpaka leo, katika chumba cha nyuma ya kibaraza. Anapiga pasi ya makaa, anashona vifungo pale mikono inapokubali. Watoto wa mtaani humwita musazi, yaani mwenda wazimu, na yeye hageuki. Ni miaka mingi hajarudi kulazwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimtaja kwa wanafunzi waliokuja kujifunza kazi. Nilikuwa nawaambia, tazameni, tulichelewa lakini hatukushindwa kabisa, mikono inatetemeka ila zile sauti tulizinyamazisha. Nilijisikia vizuri nikisema hivyo. Mtu anahitaji kitu kimoja cha kushika, na mimi nilishika hicho.

Mwezi uliopita Mama Zainabu alifiwa na kaka yake Goma, na siku zile ndizo zilizokuwa zamu ya Vestine kuonwa kliniki. Akanipigia simu akanisihi nimsindikize. Nikafunga kitenge changu tukatembea polepole, magoti yangu na miguu yake vikienda mwendo mmoja. Nilikaa kwenye benchi la nje na barwaza wengine, mama mmoja akanisogezea nafasi, na hakuna aliyenijua.

Ndani tulimkuta mmoja wenu. Simtaji, na hakufanya lolote ambalo mimi sikulifanya maisha yangu yote. Msichana safi, sauti nzuri. Akanipa kiti mimi kwa sababu ya uzee, Vestine akakaa kwenye kistuli. Akaniuliza kama anakula. Nikasema anakula vizuri. Kama analala. Analala. Kama dawa anaitumia yote. Nikamjibu kama mtaalamu, nikaeleza na kipimo, nikamwona anavutiwa, nikavimba kichwa kidogo. Akauliza sauti je, bado zinamsumbua?

"Hapana, binti yangu," nikasema. "Hizo zilikwisha zamani."

Alikuwa ameanza kuandika. Vestine, macho yake sakafuni, akasema polepole, "Haikuisha."

Nilidhani amechanganya. Nikamgeukia nikaanza kumkumbusha kwamba si aliniambia mwenyewe, kisha nikakumbuka. Hajapata kuniambia. Aliyeniambia ni Mama Zainabu, na Mama Zainabu alikuwa ameniambia anavyoona yeye, kwamba binti hapigi kelele tena na hajishiki masikio. Miaka yote ile nilimpima Vestine kwa kinywa cha Mama Zainabu, kama nilivyompima kwa kinywa cha Mama Bruno, na wote wawili niliwaamini kwa moyo wangu wote.

"Iko inasema kila siku," Vestine akasema. "Hata sasa iko inasema. Nilizoea. Hakuna mutu aliniulizaka."

Yule muuguzi kijana akaweka kalamu chini. Akageuza kiti chake, akamtazama Vestine, akamwuliza inasema nini. Vestine alinitazama mimi kwanza, akingoja nimjibie.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikaufunga mlango mwenyewe, nikaenda kukaa kwenye benchi.